Kovu Shavuni mwa Kaisari

Phares Mureithi wa Kaloleni alikereza vyuma katika karakana ya reli kwa miaka thelathini na miwili, na tangu alipostaafu amekuwa mkusanyaji wa sarafu za Warumi. Anazo kumi na tisa. Iliyo bora kuliko zote ni dinari ya fedha yenye sura ya Kaisari Tiberio, aliyoachiwa na padre mmoja mzee aliyekuwa akirejea kwao Italia. Shavuni mwa Kaisari huyo mna kovu refu, mkwaruzo wa kitu kisichojulikana, na Phares hulipenda kovu hilo kuliko sura yenyewe.

Watu humletea sarafu kutoka Huruma hadi Makadara. Huzitazama kwa lenzi na kucheka. Sarafu ya Kirumi iligongwa kwa nyundo, huwaeleza. Mduara wake haukamiliki, ukingo umepasuka, sura imeegemea upande mmoja. Iliyomiminwa katika kalibu ina vishimo vidogo kama ganda la chungwa.

“Hii imezeeshwa kwa rangi ya viatu,” humwambia mwenye sarafu. “Inuse.”

Wengi huondoka wamenuna. Mtu anayeminya kila kitunguu sokoni kabla ya kukinunua, akipewa Kaisari hatazami hata ukingo.

Mwaka jana ukumbi wa mtaa ulikodiwa kila Jumapili na kijana aitwaye Munene, aliyejipachika unabii kama vile mtu ajipachikavyo ua kifuani. Alitangaza kwamba amepata kutoka Yerusalemu dinari ileile aliyoonyeshwa Bwana wetu alipoulizwa habari ya kodi ya Kaisari. Elsie, mkewe Phares, alikuwa mkaribishaji wageni katika kanisa hilo.

“Baba Kate, Jumapili utasimama useme ni ya kweli,” alimwambia mumewe. “Nimeshamwahidi Nabii.”

“Na isipokuwa ya kweli?”

“Usinitie aibu. Wenzangu wote wananitazama.”

Jumapili ilipofika, dinari ilikuwa juu ya kitambaa cha zambarau, na Munene akaishika kwa ncha za vidole, kana kwamba inaunguza. Phares alitoa lenzi. Akalitazama shavu la Kaisari. Kovu lilikuwa pale pale, refu vile vile. Sarafu mbili zaweza kufanana kwa sura, lakini hazijeruhiwi jeraha moja.

Aliifahamu mara moja, kwa sababu aliitengeneza yeye. Miaka ishirini nyuma, katika ukumbi huohuo, vijana waliigiza mchezo wa Pasaka wakahitaji vipande thelathini vya Yuda. Phares aliigandamiza dinari yake katika mchanga wa kalibu, akamimina bati na risasi. Kisha mazoea ya reli yakamshinda. Katika karakana, chuma chenye ukingo mkali kilirudishwa mezani kwa matusi. Kwa hiyo akaketi na tupa akalainisha kingo zote thelathini hadi zikawa mviringo kamili. Hakuna mgonga sarafu wa Roma aliyewahi kujisumbua hivyo.

Angeweza kuitikia kwa kichwa na kuketi, na amani ikakaa nyumbani mwake. Akisema kweli, mkewe angeaibika, na yeye aliyewacheka waghushi miaka yote hiyo angehesabiwa miongoni mwao.

“Hii si ya Kaisari,” alisema. “Ni ya Yuda wa mchezo wetu. Niliimimina mimi, nikiiga dinari yangu.”

Ukumbi ukacheka.

“Buda, wacha wivu!” mmoja alipaza sauti kutoka nyuma.

“Mzee wetu amechoka,” Munene alisema katika kipaza sauti, kwa ule upole wa mtu anayemfukuza kuku. “Umesema yako inafanana na hii? Basi yako ndiyo feki, babu. Tumwombee.”

Mikono ikanyooshwa kumwelekea Phares. Ndipo Elsie alipoondoka kwenye nafasi yake ya ukaribishaji mlangoni. Hakumtazama mumewe. Alipanda jukwaani, akapita nyuma ya pazia hadi kwenye kabati la mavazi ya mchezo, ambayo yeye ndiye aliyeyashona, akarudi na mfuko wa kaniki uliojaa vumbi. Aliukung’uta juu ya kile kitambaa cha zambarau. Wakamwagika Kaisari ishirini na tisa, wote mviringo kamili, wote wana kovu shavuni.

“Hesabuni,” alisema Elsie. “Ya thelathini anayo Nabii mkononi.”

Munene aliinua mikono yote miwili juu. Nami nakiri kwamba, katika miaka mingi ya kusoma habari za makuhani wa Roma na hila zao, sijakutana na ulimi uliojiokoa upesi kama ule.

“Ameziongeza!” alilia, akianguka magotini. “Wapendwa, Bwana ameziongeza mbele ya macho yenu!”

Nao wakapiga vigelegele. Imani haihitaji ushahidi wa bati. Anayetaka kugusa bati ndipo aamini, ameliamini bati. Hata hivyo foleni ya kugawiwa sarafu hizo ilijipanga mara moja hadi nje ya ukumbi.

Elsie alivua utepe wake wa ukaribishaji, akauweka juu ya kiti.

“Twende, Baba Kate.”

Iliwabidi wapenye wakienda kinyume cha watu wote. Mlangoni Shiru, jirani yao wa miaka mingi, alimsukuma Phares begani.

“Songa kidogo, mzee,” alisema, shingo ameinyoosha kuelekea jukwaani. “Zitaisha kabla sijafika.”