Tomaso, Mlinzi wa Wanaofunga Nyikani

Jua halijachomoza, na Tomaso anamwaga chini vitu vilivyomo kwenye mabegi ya watumishi wa Mungu. Kwenye soksi ya mmoja anachomoa pakiti ya biskuti.

"Hizi nazo zimekuja kufunga?" anauliza. Mwenye soksi anaangalia pembeni.

Kazi yake ni kuwapeleka nyikani watu wanaoandaliwa kuwa wazee wa kanisa. Kila mmoja hukaa peke yake siku tatu akiomba, bila chakula, na dumu lake la maji. Waumini walimbandika jina la Tomaso kwa sababu haamini kitu mpaka akiguse. Wala hakasiriki.

"Nimeona waliofunga wakirudi wamenenepa," anasema.

Posho ya safari haimfikishi mwisho wa mwezi, kwa hiyo siku nyingine hufyatua matofali. Lakini neno lake lina uzito. Mchungaji hamsimiki mtu kabla ya kumuuliza Tomaso.

Ili asiwakatize maombi, amewawekea utaratibu: kila asubuhi mtu huweka jiwe jipya njiani, mbele ya kambi yake. Jiwe likiwapo, mwenyewe yu salama. Lisipokuwapo, Tomaso anaingia mbio.

Safari iliyopita alikuwamo shemeji yake, mume wa dada yake, mtu wa maneno matamu ambaye Tomaso hajamwamini tangu alipokuja kuposa. Asubuhi ya pili aliona nyayo zikitoka kambini kwa shemeji.

"Nikasema, leo nimemnasa! Kuna mtu anamletea chakula."

Alizifuata kwa kunyata. Ziliishia kambi ya jirani, kwa fundi cherehani ambaye jiwe lake lilikuwa mahali pake kama kawaida. Fundi alikuwa amelala chini, midomo imempasuka, anatetemeka kwa homa. Shemeji alikuwa akimnywesha maji ya dumu lake mwenyewe.

"Jiwe lake kaweka nani?" Tomaso aliuliza.

"Mimi, shemeji. Tangu jana. Amenisihi sana, anaogopa akitolewa hatasimikwa."

Walimbeba kwa zamu hadi zahanati. Daktari aliwaambia wangechelewa kidogo tu, wangeleta maiti.

Sasa dada mtu hamsemeshi Tomaso. Jumapili mchungaji atamuuliza kuhusu shemeji, na dada anataka neno zuri. "Mume wangu kamuuguza mtu, wewe unamwita mwongo!" alimfokea mara ya mwisho.

"Kamuuguza, sawa. Kwa nini hakupiga kelele?" Tomaso anauliza. "Kaficha mgonjwa ili fundi asikose kusimikwa. Akiwa mzee wa kanisa atatuficha mangapi?"

Anarudisha vitu mabegini taratibu. Kuna jambo jingine linamkera, na hili halimhusu shemeji.

"Kwa fundi nilipita mara mbili. Naona jiwe, napita zangu, macho yote kwa shemeji. Mtu anakufa, mimi natafuta biskuti." Anajifuta uso kwa kiganja. Inamuuma, na hafichi.

Safari hii hakuna mawe. Kila asubuhi ataita, na kila mtu ataitika kwa sauti yake. Na Jumapili?

"Nitasimama niseme alidanganya, asisimikwe mwaka huu. Dada akinuna, anune. Halafu nitasema na hili: siku nikiugua huko nyikani, kambi ya jirani namtaka yeye."