Ukishashika Jagi

Nilikwenda kwenye ule mkutano wa wafanyabiashara, Mbweni, kwa ajili ya mtu mmoja tu: mzee mwenye gesti kuanzia Kibamba mpaka Kinyerezi. Mimi natengeneza sabuni ya maji jikoni kwangu, Temeke. Akinikubali, nimetoka. Akikataa, narudi kuuza chupa moja moja mlango kwa mlango. Maneno ya kumwambia niliyafanyia mazoezi mbele ya kioo mpaka mume wangu naye akayashika.

Bahati ikanikalisha meza moja naye. Nikampa shikamoo, akaitikia, akaniuliza natokea wapi. Nikavuta pumzi ili nianze, pilau ikaletwa. Jagi na beseni vipo pembeni, mhudumu haonekani, wazee wanaangalia mikono yao. Na mdogo kuliko wote mezani nilikuwa mimi.

Jamani, ningefanyaje? Kwetu mtoto hakai wakati wakubwa hawajanawa. Nikasimama. Nikaona afadhali, kwa kuwa nilikuwa na chupa ya sabuni yangu kwenye mkoba, niwanawishe nayo hiyo hiyo. Lebo ilikuwa ya karatasi. Ililowa ikabanduka kabla sijamfikia mtu wa pili.

Kumbe ukishashika jagi huliweki chini. Meza yetu ilipokwisha, ya jirani wakaniita, "Binti, na huku." Nikaenda. Mtu mzima akishakunyooshea mikono, huwezi kumwambia na wewe umekuja kibiashara. Niliporudi, mwenye ukumbi, mzee wa rika moja na yule wa gesti, amekaa kwenye kiti changu, na mzee wangu wa gesti ananusa viganja.

"Sabuni nzuri hii," alikuwa anamwambia. "Mnaitoa wapi?"

"Aa, ya hapa hapa kwetu," mwenye ukumbi akajibu. "Wewe sema unataka kiasi gani."

Nilikuwa nyuma yao na beseni la maji machafu. Ulimi nilikuwa nao. Lakini kumsuta mzee mbele ya mgeni wake, tena kwenye ukumbi wake, ni kumvua nguo. Nikasubiri ageuke anione, labda ataona haya. Hakugeuka. Nikaenda kumwaga maji, hasira imenijaa.

Wiki iliyofuata mwenye ukumbi akanipigia. Namba aliitoa kwa walioniandikisha mlangoni.

"Mwanangu, niletee madumu ya ile sabuni yako. Unifanyie bei ya kindugu lakini."

"Ulijuaje kama ni yangu, baba?"

"Si nilikuona unaitoa kwenye mkoba?"

Mpaka leo nampelekea yeye, naye anampelekea mzee wa Kibamba. Kila safari natoka nyumbani na hotuba yangu nzima, safari hii namwambia. Nafika, natoa shikamoo. Anaitikia marahaba kwa upendo kabisa, anauliza wajukuu zake hawajambo. Nasema hawajambo, halafu nashusha madumu.