Maji ya Fedha Kwenye Vidole Vyangu

Mume wangu wa kwanza alikufa kwa homa kabla hatujapata mtoto. Ndugu zake walitaka nirithiwe na mdogo wake. Sikutaka, kwa hiyo nikarudi kwa baba yangu Ikombe, ufukweni mwa ziwa chini ya milima, ambako wanaume huvua na wanawake hufinyanga vyungu. Nikakaa nafinyanga pamoja na mama. Hakuna aliyenisema, wala hakuna aliyeniuliza nitakaa mpaka lini.

Karibu na misheni aliishi daktari Mjerumani. Asubuhi alitibu watu vidonda na macho. Mchana alifunga mlango wa mbele na kuingia chumba cha nyuma, chenye meza chini ya dirisha na hadubini ya shaba juu yake. Baba alikuwa akimpelekea samaki, lakini si wa kula. Daktari alitaka magege majike yenye mayai mdomoni. Gege jike hutunza mayai yake mdomoni mpaka watoto waweze kuogelea, na ukimvuta kwa pupa huyatema yote ziwani. Baba alijua kumziba mdomo kwa kiganja angali ndani ya maji.

Mayai hayo daktari aliyaweka katika vyungu vipana alivyomwagiza mama. Nilipompelekea vile vya mwisho, alikuwa amekasirika, kwa sababu mtu aliyemsaidia kazi ya mezani alikuwa ameondoka na msafara kwenda pwani. Akanitazama nikivipanga.

"Mikono yako haitetemeki," akasema. "Unaweza kushika wembe?"

Nikamwambia sijui, kwa kuwa sikuwahi kuushika. Kesho yake nikaanza.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Kiinitete cha samaki, yaani mtoto angali juu ya kiini cha yai, kilitolewa na kulowekwa katika dawa ya rangi ya chungwa. Baadaye kiliingizwa katika maji ya fedha, yaani dawa iliyoyeyushiwa fedha, gizani, ndani ya sanduku. Kisha kiligandishwa kwenye nta, nami nikakikata vipande vyembamba mno, nikavilaza juu ya vioo. Vingi viliharibika. Vingine vilitoka vyeusi vyote, vingine havikushika rangi hata kidogo. Daktari hakunigombeza. Alivitupa vioo katika ndoo, akasema, "Tena."

Siku moja alitazama muda mrefu katika hadubini, kisha akasogea ili nami nitazame.

"Unaona nini?"

"Miti, Bwana Daktari. Miti myeusi kwenye uwanja wa manjano. Mmoja una mzizi mrefu."

"Si mzizi. Ni uzi wa fahamu. Unatoka uti wa mgongo, unakwenda kwenye nyama ya mkia. Bado haujafika. Tazama ncha yake."

Nikatazama. Ncha ilikuwa imevimba kidogo, na ina vijinywele pande zote, kama kitu kinachopapasa.

"Nani anauonyesha njia?" nikauliza.

"Sijui," akasema. "Wenzangu kwetu wanasema huo uzi unaundwa na chembe hai nyingi zinazoshikana moja na nyingine. Mimi nasema chembe ni moja tu, nayo inajinyoosha yenyewe. Nataka niwaonyeshe."

Basi tuliendelea. Sikuwa na maoni juu ya ugomvi wa wenzake. Nilipenda utulivu wa chumba kile, na nilipenda pale kipande kilipotoka vizuri.

Maji ya fedha yana tabia moja. Yakigusa ngozi huoni kitu, lakini ukitoka juani ngozi inakuwa nyeusi, na huwezi kuiosha. Vidole vyangu vikawa vyeusi mpaka katikati. Nilijaribu majivu, mchanga na ndimu. Kisimani wanawake walianza kusubiri nimalize kuchota ndipo wasogee.

Wakati huo mwanamume mmoja wa Busale aliyefiwa na mkewe, mkulima wa migomba, alikuwa akija kununua vyungu vingi kuliko nyumba yake ilivyoweza kuvihitaji. Mwishowe akamwambia baba anataka kunioa. Baba akakubali waje watu wake. Wakaja shangazi zake wawili, wanawake wazito, wenye kuheshimiwa kwao. Mama aliniambia nifunge mikono kwa kitambaa, niseme nimeungua. Nikakataa. Nilifikiri wakiniona sasa ni afadhali kuliko baadaye.

"Mugonile," nikawasalimu, nikapiga magoti na kuweka ndizi mbele yao.

Yule mkubwa hakuangalia ndizi.

"Mikono hii imeshika nini?"

"Dawa ya daktari, mama. Itatoka ngozi ikibadilika."

"Dawa ya kufanyia nini?"

Nikaeleza habari ya samaki na mishipa ya fahamu kadiri nilivyoweza. Nilisikia mwenyewe jinsi maneno yale yalivyozidi kuharibu mambo. Shangazi mkubwa akasukuma chakula.

"Ndaga, asanteni," akamwambia mama kwa upole. "Ng'ombe wetu hawatakuja hapa."

Wakaondoka. Mama alilia. Mimi nilikula zile ndizi, maana nilikuwa na njaa.

Siku chache baadaye yule mwanamume alikuja peke yake, akaomba nimpeleke kwa daktari. Daktari akamruhusu kutazama katika hadubini. Alifumba jicho hili, akafumba lile.

"Naona uchafu," akasema.

Daktari akacheka. Ndiyo mara pekee niliyomsikia akicheka. Yule mwanamume hakuona aibu. Akauliza chupa ya maji ya fedha ni ipi. Nilipomwonyesha, akachovya kidole gumba chake, akakikausha kwa shati, akatuaga.

Nilisimuliwa baadaye yaliyotokea Busale. Alikuwa ametembea na mkono ndani ya nguo. Alipofika aliketi uani na shangazi zake, akakitoa kile kidole juani, akawaambia waendelee kuongea naye. Wakaongea. Kidole kikawa kahawia, kisha cheusi, mbele ya macho yao.

"Haya, na mimi ni mchawi?" akawauliza.

Shangazi mdogo alicheka mpaka akashika mbavu. Mkubwa hakucheka, ila hakupinga tena. Ng'ombe wakaja.

Nilimwambia daktari nitamaliza mayai yaliyokuwa vyunguni, kisha nitakwenda kwa mume wangu. Alisema, "Vema," akauliza kama namjua mwingine mwenye mkono mtulivu. Sikumjua.

Vita vya Wazungu vilipoanza nilikuwa Busale, na mtoto wangu ameanza kutembea. Siku moja askari walipita wakielekea milimani, wamebeba majeruhi, na daktari alikuwa pamoja nao. Alikuwa amekonda na ndevu zimemjaa. Nikamuuliza habari ya vioo vyake. Akasema vimo ndani ya masanduku, hajui masanduku yako wapi.

"Na wale wenzako, Bwana Daktari? Walikubali?"

"Sijawapelekea."

Mwanangu alikuwa akivuka ua bila wa kumwonyesha njia, anaanguka, anasimama. Daktari alimtazama mpaka mtoto akafika mlangoni. Kisha aliomba maji, akanywa, akashukuru. Nilikuwa nimeweka ndizi motoni, lakini askari walikuwa wameshaanza kupanda, naye akawafuata kabla hazijaiva.