Mto Uonekane Darasani

Wanafunzi walimwita Mwalimu Ramani, kwa kuwa aliweza kuchora ramani ya nchi ubaoni huku uso kawageuzia watundu. Miaka ishirini na sita ya jiografia si mchezo. Somo la mito alilifundishia mtoni kwenyewe, nyuma ya shule, watoto wamekunja sketi na suruali.

Ndipo ukaja mtaala mpya wa taifa. Ukurasa wa arobaini uliandikwa: “Zana: mto. Sharti uonekane ndani ya darasa siku ya ukaguzi.” Atakayepungukiwa na zana, uhamisho.

“Mkuu, mto nitauingizaje mlangoni?” aliuliza.

“Dada yangu, mtaala sikuuandika mimi,” mwalimu mkuu alijibu. “Tekeleza.”

“Niuchore?”

“Michoro iko ukurasa wa arobaini na moja.”

Lo! Angehamishwaje, na mama yake miguu imekufa, chakula hali ila kwa mkono wa bintiye? Alirudi nyumbani roho juu. Mama amejilaza, kichwa juu ya mto wake wa sufi. Mwalimu aliutazama ule mto, akautazama tena.

“Mama, naomba huo mto.”

“Una wazimu?”

“Ninao, mama. Lete.”

Mkaguzi alifika kesho yake viatu mkononi, suruali imelowa hadi magotini, maana alivuka mto kuja shuleni. Aliubonyeza mto wa sufi mezani, akatia tiki. “Mto upo.”

Mwalimu uvumilivu ulimshinda. “Na ule uliokulowesha?”

“Ule uko nje ya darasa. Haunihusu.” Akamgeukia binti wa dawati la mbele. “Mto huu chanzo chake nini?”

“Msufi, bwana mkaguzi.”

“Na hutiririka lini?”

Binti aliyaangalia madoa ya udenda, makubwa kama visiwa. “Bibi akilala.”

Darasa lilivunjika mbavu. Mkaguzi, uso mkavu, aliandika: “Wanafunzi wanaelewa.” Kisha, pwaa! akaugonga mto muhuri wa MALI YA SHULE, ukafungiwa stoo. Mwalimu alilia na mwenye funguo, akalia na mkuu, wapi! Zana ya taifa hailaliwi.

Jioni alimkuta mama shingo imepinda juu ya nguo zilizokunjwa.

“Vipi, wanakuhamisha?”

“Nimebaki, mama.”

“Na mto wangu?”

“Umechukuliwa na serikali.”

Bibi kizee alicheka mpaka akakohoa. “Mto kazi yake kwenda, mwanangu. Mradi hukwenda wewe.”

Akajivuta, akaweka kichwa pajani kwa bintiye, na usingizi ukamchukua papo hapo. Madaftari arobaini yalikuwa mezani, hayajasahihishwa. Paja lilishika ganzi, udenda ukaanza kulowesha sketi, na Mwalimu Ramani hakusogea hata kidogo.