Fimbo ya Nne

Apa kwamba hutamwambia mtu. Umeapa? Haya, mimi nimeshaambia kwaya nzima.

Jumamosi nilimsindikiza jirani yangu wa hapa Kiplombe kwa mashindano ya gofu, kila mchezaji na fimbo tatu pekee, ukizidisha unatolewa. Mshindi anapewa mtamba, na jirani alikuwa amejenga zizi tayari. Fimbo yake pana, ile ya kutoa mpira mchangani, aliiacha nyumbani akinung'unika.

Mzee aliyecheza naye akamcheka. "Mama, hata mimi nimeacha yangu. Sisi wazoefu hatuanguki mchangani."

Kufikia shimo la mwisho wao wawili walikuwa wanaongoza sare, na mpira wa mzee ukaanguka mchangani, mbele yetu tuliokuwa tunakunywa chai kwa veranda ya klabu. Mzee akapiga magoti. Tukadhani anaomba, kumbe anafukua.

"Umepoteza nini, Mzee?" jirani akauliza.

"Saa yangu."

"Basi vuta pole pole, isivunjike."

Akavuta. Ikatoka fimbo pana, aliyoifukia mapema. Jirani akashusha pumzi, akaketi kwa nyasi akicheka, mtamba ni wake. Mimi nasema mtu wa kufukia fimbo pale atakapoanguka anajijua vizuri kuliko anavyojisifu. Veranda nzima ilisimama na vikombe, na mzee bado ameishika, mchanga ukimwagikia viatu.