Likizo ya Mbalamwezi

Kazi yangu ni kuandika programu za kompyuta, na kwa miaka kadhaa sasa naitunza moja tu, ile inayopanga likizo za wafanyakazi wa makampuni hapa Dar es Salaam. Vijana wakiniuliza siri ya kazi hii huwa nawaudhi. Nawaambia waache kukimbilia kila lugha mpya ya kompyuta inayotoka, wazime kengele za simu asubuhi, na kabla ya kuandika mstari hata mmoja wakamuulize mtu atakayeitumia programu hiyo. Makosa mengi niliyorekebisha yalitokana na mtu kutouliza. Nayasema haya kifua mbele, na mimi mwenyewe nilishindwa kumuuliza mama.

Mama anakaa Buzebazeba, kule Kigoma, na tangu nipate akili namjua kwa kuanika dagaa mwaloni Kibirizi, pale mitumbwi ya uvuvi inapotua. Kule dagaa huvuliwa kwa taa, usiku wa giza. Mwezi ukiwa mkubwa dagaa hawaifuati taa, basi mitumbwi inapumzika, na kina mama wanaoanika nao wanapumzika. Siku hizo za mbalamwezi ndizo zilizonipa mama utotoni. Alinisuka nywele, alipika ugali wa muhogo na samaki wa migebuka kwa mawese, akanisimulia umbea wa mwaloni mpaka mbavu zikaniuma. Siku za giza alikuwa wa dagaa.

Haya niliyajua kabla sijajua kusoma. Lakini mjini nilizoea kalenda yangu mwenyewe, yenye visanduku vya kijani, nikawa naomba likizo mwisho wa mwezi kama wenzangu. Mara tatu niliangukia giza. Mama alitoka alfajiri, akarudi magharibi ananuka samaki, akaniuliza, "Mwana wanje, mwanangu, umekula?" kisha akasinzia palepale mkekani kabla sijamjibu. Nilikaa nikiitazama miguu yake yenye magamba yaliyokaukia. Nilikuwa naye chumba kimoja na bado nilimkosa. Kila mara niliondoka nimenuna, eti mama anapenda dagaa kuliko mimi.

Safari hii nikajifanya mjanja. Alasiri moja niliongeza mwezi kwenye programu, duara dogo linalojaa na kupungua pembeni ya tarehe. Bosi akauliza ni la nini.

"La mama yangu," nikamjibu. Akacheka, akidhani namtania.

Nikasubiri duara lijae, nikachukua siku tano, nikapanda basi la Kigoma. Njia nzima nilikuwa na furaha ya kitoto.

Nilimkuta mchana, amekaa barazani, miguu kainyoosha.

"Shikamoo mama. Leo nimekuja na mbalamwezi!"

"Marahaba. Mbalamwezi ya nini tena? Mimi mwaloni siendi. Magoti yamekataa tangu mvua za mwaka jana."

"Mbona hukuniambia? Si tunaongea kila Jumapili?"

"Uliniuliza? Ukipiga simu unauliza kama nakusikia vizuri. Nakwambia nakusikia."

Nikachuchumaa mbele yake. Tangu mvua za mwaka jana alikuwa amekaa hapo barazani, giza au mbalamwezi, kila siku ikiwa yangu. Na mimi ndiye ninayejisifu kwa watu kwamba kazi yangu hufanyika popote penye umeme na mtandao. Buzebazeba umeme upo, mtandao upo. Nilikuwa Dar nasubiri duara nililolichora mwenyewe.

Nilitaka kulia, ila mama alishanyoosha mkono kwenye kitambaa changu cha kichwa, akakivua, akaguna alipoziona nywele.

"Lete kitana, ukae hapa chini," akasema. Nikakaa katikati ya miguu yake, kama zamani. Vidole vyake vilikuwa vizito, vikitafuta njia, vinasimama, vinaanza upya.

"Siku hizi nachelewa," akasema. "Unakaa siku ngapi, nijue nianze msuko gani?"

Niliona aibu kumwambia tano.