Mfaransa wa Bertrams na Daftari Lake

Kopo jipya la mipira ya tenisi likifunguliwa hutoa pumzi fupi, kisha harufu ya mpira na gundi inayokaa puani siku nzima. Niliijua harufu hiyo nikiwa na miaka kumi, Bertrams, Johannesburg, mwaka mmoja baada ya zile fujo za kuwafukuza wageni. Baba, aliyekuwa mwalimu kwetu Burundi, sasa alikuwa mlinzi wa lango kwenye viwanja vya tenisi. Mama alishinda sokoni akiuza mboga, kwa hiyo nikitoka shule nilikwenda kukaa nyuma ya kibanda cha baba, nikifanya hesabu na kuwatazama watu wazima wakitokwa jasho kwa hiari yao. Nyumbani tulikuwa na sheria moja iliyorudiwa kuliko sala: mtu akikuuliza jina huku ameshika kalamu, usimpe lako. Karatasi zetu za ukimbizi zilikuwa za miezi sita sita, na kila siku ya kuziongeza baba alitoka nyumbani kama mtu anayekwenda kupasuliwa.

Mfaransa alifika miezi ya joto. Alikuwa mrefu, mkavu, na goti lenye kovu refu. Tulimwita Musiyo, yaani bwana kwa Kifaransa chetu. Alipogundua kwamba baba anaongea Kifaransa, alimweleza maisha yake yote pale langoni: alianza kucheza akiwa na miaka sita, akapanda mpaka akawa mmoja wa wachezaji mia bora duniani, kisha goti likapasuliwa mara mbili akaporomoka hadi huko chini ambako hakuna anayekujua. Sasa alizunguka nchi kwa nchi kwenye mashindano madogo, akiokota pointi za kumrudisha juu. Mashindano ya kwetu yangeanza baada ya wiki tatu. Akitolewa raundi ya kwanza, alisema, basi, anaacha. Baba aliitikia “oui, oui” kwa adabu zote, na hakuamini hata neno moja. Mtu mzima mwenye akili zake aseme kazi yake ni kupiga mpira? Tena mzungu huyu alikuwa amepanga chumba mtaani kwetu, akifua soksi zake mwenyewe. Mama Furaha, jirani yetu Mkongomani aliyesuka nywele barazani, alikata shauri mapema. “Mutu mukubwa anachezaka mupira kila siku, anakulaka nini? Eish! Ule ni mupelelezi wa vibali, haki ya Mungu.” Ushahidi mkubwa ulikuwa daftari. Kila baada ya mazoezi Musiyo aliketi kwenye benchi akaandika. Siku moja nilichungulia nikaona tarakimu na mishale tu. Nilipomwambia baba, alifikiri kidogo, kisha akasema, “Watu wasiotaka kusomwa wanaandika hivyo hivyo.”

Mimi nilimpenda Musiyo, niseme ukweli, huku nikimwogopa. Mipira yake ilipovuka uzio nilimrudishia, na baba aliniruhusu mradi nisiseme naye sana. Mbele yake baba hakuwahi kutamka jina langu. Aliniita “mama” tu, kama baba wengi wanavyowaita binti zao, ila yeye alifanya hivyo kwa tahadhari. Musiyo akanifundisha kuubingirisha mpira chini chini, kusimama wima bila kutikisika mchezaji anapoanzisha mpira, na kuinua mikono miwili kuonyesha mipira niliyo nayo. Siku moja akasema mashindano yanahitaji watoto wa kuokota mipira, watapewa fulana na kofia, naye anataka niwe kwenye uwanja wake kwa sababu nimetulia. Moyo ulinienda mbio kwa furaha. Akafungua daftari. “Jina lako kamili?” Kalamu ilikuwa mkononi. Nikasema Thandi, jina la wenyeji, nikaongeza na jina la ukoo la mwenye spaza, kiduka cha kona yetu. Aliandika polepole, akanipa mkono. Sikumwambia mtu yeyote kwamba nimetaja jina lisilo langu, wala sikuwaza kwamba jina lile lingetoka daftarini likaenda kupigwa chapa kwenye orodha.

Siku ya mashindano nilivaa sare ya shule iliyonyooshwa vizuri, nikapanga foleni na watoto wengine langoni. Mwanamke mwenye orodha alitaka kadi ya shule. Nikampa. Akatazama kadi, akatazama orodha.

“Hapa kuna Thandi. Kadi inasema Ineza. Wewe ni nani?”

“Thandi ni mimi,” nikasema.

“Na kadi hii ni ya nani?”

Baba alikuwa amesimama hatua mbili kutoka pale, katika sare yake, mikono nyuma. Yule mwanamke akamgeukia. “Mzee, unamjua mtoto huyu?” Baba aliitazama orodha, kadi na kalamu. Najua alichokiona: mtego uliotegwa wiki tatu, sasa umefyatuka. “Hapana, madam,” alisema. “Simjui.” Akanishika bega kama walinzi wanavyoshika watu, akanitoa nje.

Niliitazama mechi kupitia tundu la turubai kwenye uzio. Musiyo aliwaangalia watoto waliojipanga, akaangalia tena, kisha akaanza kucheza. Alishindwa. Alipotoka na mkoba wake alimuuliza baba niko wapi, na baba akamjibu kwamba naumwa. Mimi na baba hatukuizungumzia siku hiyo, si jioni ile wala baadaye.

Leo tuna karatasi za kudumu. Nafanya kazi ofisini Randburg, na jina langu natamka mara ishirini kwa siku kwenye simu bila woga. Mwezi uliopita nilimtafuta Musiyo mtandaoni nikakuta kazi yake yote imeandikwa kwenye ukurasa mmoja, mashindano kwa mashindano, na mstari wa mwisho ni Johannesburg, raundi ya kwanza. Kila alichotuambia kilikuwa kweli. Baba amestaafu, na tenisi ikionyeshwa kwenye televisheni husema, “Yule alikuwa mpelelezi. Nilimjua siku ya kwanza.” Kisha hunitazama kwa muda, kuona kama nitabisha. Simu yenye ukurasa ule huwa mfukoni mwangu. Namjibu, “Ndiyo, baba.” Maana kama Musiyo hakuwa mpelelezi, basi siku ile baba alinikana bure.